Maneno ya Kiingereza ya Muziki, na Neno Letu Ngoma

 

Maongezi yetu ya leo ni juu ya maneno. Si maneno ya bei za pamba wala ya mashauri ya baraza, bali ni maneno ambayo Waingereza huyatumia wanapozungumza habari za nyimbo, ala za muziki na wachezaji. Wengi wenu mwajifunza Kiingereza, wengine shuleni, na wengine peke yenu jioni baada ya kazi. Vitabu vya masomo huwapeni maneno ya dukani, ya shambani na ya afisini, nayo yatosha kwa kazi hizo. Lakini siku mtu atakapotakiwa kumweleza mgeni ngoma ya kwao, au kuandika barua juu ya arusi aliyohudhuria, au kumfasiria mwalimu wa kuimba, ndipo aonapo kuwa maneno aliyo nayo hayatoshi. Au yatosha kwa hesabu, lakini hayakai mahali pake.

Jambo hili si dogo. Maneno mabovu juu ya nyimbo hayamwui mtu, ni kweli. Lakini yakishaandikwa katika kitabu hukaa humo miaka mingi, na wasomaji wa mbali hudhani ndivyo watu walivyo. Wasafiri wengi wa Ulaya waliopita katika nchi zetu zamani waliandika kwamba usiku walisikia "noise", yaani kelele, ya "tom-tom". Neno hilo "tom-tom" si la Afrika hata kidogo. Waingereza waliliokota Bara Hindi, kisha wakaliweka juu ya kila ngoma ya Afrika, kubwa kwa ndogo. Basi pale uwanjani huenda palikuwa na msondo mrefu, na chapuo inayochapua mwendo, na vumi inayovuma chini yao, kila ngoma na kazi yake, na kila kazi na fundi wake. Yote hayo yakaishia katika neno moja. Msafiri yule hakusema uongo kwa kusudi. Masikio alikuwa nayo, bali maneno hakuwa nayo; na asiyejua jina la kitu mara nyingi hakisikii.

Sasa kazi ya kuandika imetufikia na sisi. Tusije tukafanya kosa lile lile.

Tuanze na neno letu ngoma. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma ni uchezaji wa watu uwanjani. Ngoma ni mkutano wenyewe, pamoja na nyimbo zake, na mavazi yake, na kiitikio chake, na watu waliokuja kuuona. Hata shughuli ya kupunga pepo huitwa ngoma. Twasema, "Leo kuna ngoma kwa fulani", na kila asikiaye ajua kwamba aitwa mtu mzima, masikio yake na miguu yake na sauti yake.

Mwingereza hana neno kama hilo. Analo "drum", nalo ni chombo tu. Analo "dance", nalo ni mwendo wa miguu na mwili. Analo "song", yaani wimbo, na "music", yaani muziki, na "performance", yaani kitendo cha kuonyesha ufundi mbele ya watu. Kila neno limechukua kipande kimoja cha ngoma yetu, wala hakuna hata moja lililoichukua nzima. Mwanafunzi akiandika kwamba jana kwao kulikuwa na "drum", msomaji wa Kiingereza ataona chombo kimoja kimewekwa pembeni mwa nyumba. Akiandika "dance", huenda msomaji akaona wanaume na wanawake wameshikana wawili wawili. Akiandika "performance", ataona viti vimepangwa na mtu mlangoni apokea tikiti. Hapo hakuna njia ya mkato. Atakaye kufasiri ngoma kwa Kiingereza hana budi kutumia maneno mawili au matatu, au aliache neno ngoma lilivyo, kisha alieleze mara moja kwa sentensi iliyo wazi.

Huenda mtu akasema, "Basi Waingereza ni wenye maarifa kwa kuwa wametenga kila kitu mahali pake, na sisi twachanganya." Sivyo. Tutazame asili ya maneno yao yenyewe. "Music" ni neno lililotoka kwa Wayunani, yaani Wagiriki. Kwao lilikuwa na maana ya kazi za miungu wa kike tisa walioitwa Muse, na katika kazi hizo mlikuwamo nyimbo, na mashairi, na kucheza pia. "Chorus", ambalo kwa Kiingereza ni kundi la waimbaji au kiitikio cha wimbo, kwa Wayunani lilikuwa kundi la watu walioimba na kucheza pamoja. Na neno "choir", tunaloliita kwaya, ni tawi la mti huo huo. "Orchestra", ambalo kwa Waingereza ni kundi kubwa la wapiga ala walioketi vitini, lilikuwa jina la uwanja uliokuwa mbele ya jukwaa, ambako wachezaji hao walichezea. Hata neno "ballad", wimbo wa hadithi, latoka katika lugha za Ufaransa, nalo kwanza lilikuwa wimbo wa kuchezea.

Basi mwaona. Kuimba, kupiga na kucheza vilikuwa pamoja katika maneno hayo pia, kisha vikatengwa baadaye. Myunani wa miaka 2,400 iliyopita angaliambiwa habari za ngoma, pengine angalielewa upesi kuliko mtu wa London. Kutenga vitu ni desturi, na kuviunga ni desturi. Wala si alama ya akili wala ya ujinga.

Tuje sasa kwa vitendo. Kwa Kiswahili sisi twapiga. Twapiga ngoma, twapiga kinanda, twapiga gitaa, na twapiga zumari, ingawa zumari hupulizwa kwa kinywa. Hata santuri twaipiga. Kwa Kiingereza neno la kupiga, "beat", lafaa kwa ngoma. Ukisema ume-"beat" kinanda, watu watafikiri una ugomvi nacho. Neno lao kwa ala zote ni "play", nalo ndilo neno la watoto wanaocheza mpira, na tena ndilo jina la mchezo wa kuigizwa jukwaani. Kwa hiyo ukisoma katika kitabu kuwa mtu ana-"play" ngoma, usimfasiri kuwa anacheza ngoma. Yeye amesimama kwenye ngoma yake anaipiga. Wanaocheza ni wengine.

Kosa jingine ni katika neno "sing". Waingereza hulitumia kwa mambo mengi yenye sauti ipandayo na kushuka. Sisi tuna kuimba, na tuna kughani, na tuna kusoma. Shairi huweza kughaniwa na mtu mmoja pasipo ala. Maulidi husomwa, hata kama sauti zinakwenda kwa mahadhi mazuri na matari yanapigwa. Na Kurani husomwa, wala hakuna aisemaye kuwa inaimbwa. Mfasiri aliyeandika kwa Kiingereza kuwa watu wali-"sing" maulidi huenda asilaumiwe na Waingereza, maana hawaoni tofauti. Lakini wenye maulidi wakisomewa maneno hayo kwa Kiswahili, na kusikia kwamba waliimba kama waimbavyo wacheza ngoma, watahuzunika, na haki yao. Neno "recite" liko karibu zaidi na kusoma kwetu, nalo ni afadhali.

Sasa tutazame neno sauti, maana hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Waingereza wana "sound", ambayo ni sauti yo yote isikikayo, hata ya mlango. Wana "voice", sauti ya mtu asemaye au aimbaye. Wana "tone", tabia ya sauti, kama ni tamu au ni kavu. Na wana "tune", yaani mwendo wa wimbo, ule ambao mtu aweza kuupiga kwa mluzi pasipo maneno. Sisi twaweza kuyaita yote hayo sauti, ingawa tunayo maneno mahadhi na lahani kwa hiyo ya mwisho, na yafaa tuyatumie.

Tena, Waingereza huipima sauti kwa vipimo viwili visivyochanganyika. Kipimo cha kwanza ni cha nguvu: sauti yenye nguvu ni "loud", na sauti ya upole ni "soft". Kipimo cha pili si cha nguvu: sauti ya ndege mdogo ni "high" hata ikitoka mbali, na mngurumo wa simba ni "low" hata ukitetemesha kuta. Sisi twasema "sauti ya juu", na mara tumekusudia hili, mara lile. Mwalimu wa kwaya amwambia mtoto aimbe "higher". Mtoto afasiri moyoni kuwa ni sauti ya juu, apaza sauti mpaka mishipa ya shingo yasimama, na wimbo uko pale pale. Mwalimu adhani mtoto ni mzito wa masikio; mtoto adhani mwalimu hana shukrani. Wote wawili hawana kosa. Lililokosa ni neno.

Na dawa yake tunayo nyumbani. Wapigaji wa ngoma husema sauti nyembamba na sauti nene. Chapuo hutoa sauti nyembamba, na vumi hutoa sauti nene. Na kila moja yaweza kupigwa kwa nguvu au kwa upole pasipo kugeuka asili yake. Basi mwanafunzi na aandike katika daftari yake hivi: "high" ni nyembamba, "low" ni nene, "loud" ni kubwa, "soft" ni ndogo. Akishika hayo manne atakuwa ameepukana na nusu ya taabu za kwaya.

Mtu akifungua kitabu cha nyimbo kilichopigwa chapa Uingereza, ataona humo maneno mengi ambayo hata Waingereza wengine hawayajui maana: "piano", "forte", "solo", "tempo", "soprano", "opera". Asione haya kwa kutoyajua, maana hayo si Kiingereza, ni Kiitaliano. Zamani mafundi wa Italia walisifiwa sana katika Ulaya kwa kuimba na kupiga ala, na wengi waliajiriwa katika majumba ya wafalme wa nchi nyingine. Waliposafiri, maneno yao yalisafiri nao. "Piano" ni kwa sauti ndogo, "forte" ni kwa nguvu, "solo" ni peke yake, "tempo" ni mwendo, na "opera" maana yake ni kazi tu.

Kisa cha kinanda kiitwacho piano ni cha kuchekesha kidogo. Kabla yake palikuwa na kinanda ambacho nyuzi zake zilidonolewa kwa ncha ndogo za manyoya ya ndege. Ukikibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti haikubadilika sana. Yapata mwaka 1700, fundi mmoja wa mji wa Florence, jina lake Bartolomeo Cristofori, akatengeneza kinanda chenye nyundo ndogo za kugonga nyuzi, na sasa kidole kiliweza kuamuru sauti iwe kubwa au iwe ndogo. Kikaitwa kinanda cha "piano" na "forte", yaani cha upole na cha nguvu. Watu wakaona jina ni refu, wakalikata. Ndiyo sababu ala hii, ambayo mvumo wake waweza kulijaza jumba kubwa, huitwa kwa jina lenye maana ya Sauti Ndogo.

Majina ya waimbaji wa kwaya nayo yana maana zake. "Soprano" ni ya juu. "Bass", ambayo twaiita besi, ni ya chini. "Tenor" ni ya kushika, kwa kuwa zamani makanisani mwenye sauti hiyo ndiye aliyeushika wimbo wenyewe, na wengine wakaupamba. "Alto" maana yake ni ndefu kwenda juu. Lakini mbona wanawake wa sauti hiyo huimba chini ya wenzao? Kwa sababu hapo kwanza jina hili lilikuwa la sauti ya wanaume iliyopanda juu ya "tenor". Sauti ilibadili wenyewe, jina likabaki.

Wala si Italia peke yake iliyowakopesha. Wako wanaoijua udi, ala ya nyuzi ipigwayo katika taarabu. Jina lake ni la Kiarabu. Waarabu waliipeleka Hispania, na kutoka huko ikaenea Ulaya, jina pamoja na kifungo chake cha mbele, "al". Likapita katika vinywa vya watu wa Ufaransa, na lilipofika kwa Waingereza lilikuwa limekuwa "lute". Kwa hiyo "lute" ya Waingereza na udi ya Unguja ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, waliopotezana njiani. Mmoja alikwenda kaskazini, na mwingine akashuka pwani pamoja na upepo wa kaskazi.

Basi ikiwa Waingereza walikopa hivi kwa Wayunani, kwa Waitaliano na kwa Waarabu, wala lugha yao haikufa, sisi tuna sababu gani ya kuogopa kukopa? Tumekopa, na tena tumefanya tupendavyo. Neno "band" lilifika pwani kwa njia ya bendi za askari na za manowari, zenye tarumbeta za shaba na ngoma kubwa. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa miji ya pwani ya Kenya walianzisha ngoma mpya kwa mfano huo, wakaiita beni. Lakini beni haikubaki kundi la wapiga ala tu, kama lilivyo neno la Kiingereza. Ilipata nyimbo, na gwaride, na sare, na wafuasi, na viongozi wenye vyeo kama Kingi na Jenerali, na mashindano makali baina ya chama na chama. Wakati wa Vita ya 1914 hadi 1918, na baada yake, askari na wapagazi waliieneza bara, na katika Tanganyika vyama vya Marini na Arinoti vikajulikana mbali. Pande za Ziwa Nyasa watu wasiokuwa na tarumbeta za shaba walitengeneza pembe za vibuyu, na ngoma yao ikaitwa malipenga. Yaani neno la Kiingereza liliingia uwanjani likiwa kipande, nasi tukaligeuza kuwa ngoma nzima.

Maneno mengine tuliyafanya membamba badala ya mapana. Kwa Mwingereza "dance" ni uchezaji wo wote. Kwetu dansi ni ule uchezaji wa mjini, wa bendi yenye magitaa; hakuna aiitaye dansi ngoma ya mavuno. Na "jazz", ambalo kwa Wamarekani ni namna moja ya muziki yenye historia yake, katika Tanganyika liliwekwa katika majina ya bendi za dansi, hata bendi iliyopiga rumba. Mwanafunzi na ajue hayo, asije akadhani kuwa kila neno lililovuka bahari lilifika na mzigo wake wote.

Kuna maneno saba ambayo karibu kila shule iliyokuwa na kwaya iliyajua: do, re, mi, fa, so, la, ti. Asili yake ni mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyeishi yapata miaka 1,000 iliyopita. Alichukua wimbo wa kanisa ambao kila mstari wake ulianza hatua moja juu ya ule uliotangulia, akazifanya silabi za kwanza za mistari kuwa majina ya sauti. Katika karne ya 19 mwanamke Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, alizitengeneza silabi hizo ziweze kuandikwa kwa herufi za kawaida, na mchungaji John Curwen akazieneza. Faida yake ni hii: mtu maskini asiyeweza kununua vitabu vya alama ngumu aliweza kuusoma wimbo, na mpiga chapa hakuhitaji herufi nyingine ila zile alizo nazo.

Wamisheni wakazileta Afrika. Huko kusini, karibu na Johannesburg, mwalimu wa shule aitwaye Enoch Sontonga alitunga mwaka 1897 wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika, akauandika kwa herufi hizo hizo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 mahadhi yake yalipewa maneno ya Kiswahili yakawa wimbo wa taifa, nayo ndiyo yaimbwayo Tanzania. Mwaona jinsi chombo cha kigeni, kikishikwa na mkono uliojua la kusema, kinavyoweza kulibeba neno la Mwafrika mbali sana.

Yamebaki maneno ya watu na desturi zao. Mwenye kuongoza wapigaji kwa fimbo huitwa "conductor", yaani kiongozi. Ndilo jina la yule akataye tikiti za basi pia, msije mkashangaa. Zamani huko Ufaransa wengine waliongoza kwa kugonga sakafu kwa fimbo nzito. Jean-Baptiste Lully, bwana wa muziki wa Mfalme Louis wa 14, alijigonga kidole cha mguu, kidonda kikaoza, naye akafa mwaka 1687. Sisi tunaye manju, lakini manju si "conductor" kamili, maana yeye hutunga wimbo, na huuanzisha, na watu humwitikia. Ni mtungaji na mwimbaji na kiongozi kwa pamoja.

Mazoezi kabla ya siku yenyewe huitwa "rehearsal". Ninyi wakulima mtalipenda neno hili. Latoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ni kulipitia shamba tena kwa haro, ili mabonge ya udongo yavunjike. Nasi twasema mazoezi, kwa kuwa mtu huzoea. Nayo santuri, sahani itiwayo sauti, kama zile alizozitoa Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928, huitwa "record". Neno hilo lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya kukirudisha kitu moyoni.

Wanaohudhuria huitwa "audience", yaani wasikiaji. Katika majumba ya muziki ya Waingereza hukaa kimya, kisha mwishoni hupiga makofi. Kwetu msikilizaji wa taarabu huinuka katikati ya wimbo akatoa tuzo, na mwenye ngoma akinyamaziwa hujua mambo yameharibika. Na tuna vigelegele. Kamusi zitawapeni "ululation", lakini neno hilo limetoka katika Kilatini, kulia kwa sauti kama mnyama, na Waingereza hulitumia kwa kilio cha msiba pia. Basi mkiandika habari za arusi, semeni wazi kuwa ni vigelegele vya furaha, la sivyo msomaji atafikiri bwana arusi amefariki.

Ndugu zangu, sitaki mwende zenu na orodha tu. Nawaombeni jambo moja. Katika kila kijiji wako wazee wajuao kuwamba ngoma, na kuipasha moto hata ikaze, na kuitambua iliyopoteza sauti. Wanayo maneno ya kuanza, na ya kuitikia, na ya kubadili mwendo, na ya kufunga. Na mengi ya hayo hayajaandikwa. Mwanafunzi na aende kwao kwa adabu na daftari yake, aulize: ngoma hii jina lake nani? Huyu apigaye namna hii aitwaje? Ikigeuka hivi mwasemaje? Ayaandike kwanza kwa lugha ya wazee wenyewe, kisha kwa Kiswahili, na mwisho atafute Kiingereza chake. Na pasipo neno, asilazimishe, aeleze.

Afanyaye hivyo atakijua Kiingereza vizuri zaidi, maana atajua kila neno lao lafika wapi na laishia wapi. Na siku mgeni atakapouliza, "Kelele hizi ni za nini?" atapata mtu wa kumjibu, moja baada ya moja, hata asikie mwenyewe kwamba si kelele. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa.